UZI: Mihuri ya posta na bahasha za manowari: kuzisoma, kuziomba na kuzitunza

#1 Mkuku_na_Omo

Wadau wa stempu, uzi huu ni wa bahasha zilizogongwa muhuri ndani ya manowari. Kila mara mtu anaweka picha ya bahasha ya zamani ya Marekani na kuuliza kama stempu ya senti 3 ina thamani. Anajibiwa haina, anaondoka, na hakuna aliyeusoma muhuri. Kwenye bahasha ya manowari cha kwanza ni muhuri, cha pili ni tarehe. Stempu inafuata baadaye sana.

Naanza na jeshi la majini la Marekani, kwa kuwa mihuri yake mingi ina jina la meli na imeorodheshwa kwa makini. Mwaka 1908 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kufungua posta ndani ya manowari, makarani wakiwa mabaharia wenyewe. Meli iliyopata posta ilikuwa na kifaa chake cha kugongea chenye herufi U.S.S. (United States Ship, yaani meli ya Marekani) na jina lake.

Muhuri wa kawaida wa mkono una sehemu mbili. Upande mmoja kuna duara la tarehe, ambamo jina la meli huzunguka ukingoni, na katikati kuna mwezi, siku, mwaka, pengine na AM au PM. Upande wa pili kuna mistari ya kufutia, ile inayolala juu ya stempu ili isitumike tena. Sehemu hii ya pili ndiyo utamu wa fani yenyewe, maana vifaa vingi vya mpira vilikuwa na nafasi kati ya mistari ambapo karani aliweza kupanga herufi zake. Ndiyo maana unakuta jina la bandari, jina la sikukuu, au tukio la siku hiyo limepangwa humo kwa mistari miwili au mitatu.

Aina za mihuri hupangwa kwa mfumo wa Locy, daktari wa Marekani aliyeanza kuiorodhesha kabla ya Vita Kuu ya Pili. Namba inaonyesha umbo kuu, herufi ndogo inaonyesha tofauti ndani ya umbo hilo. Ukiona muuzaji ameandika "Type 3", ni muhuri wenye mistari ya kufutia na nafasi ya maneno katikati. Ukiona "z" baada ya namba, kama 2z au 3z, muhuri hauna jina la meli, umeandikwa U.S. NAVY tu. Hiyo ni mihuri ya vita: mwaka 1942 majina yaliondolewa ili adui asijue meli iko wapi.

Kwa anayeanza, napendekeza meli moja na safari moja: USS Constitution, 1931 hadi 1934. Ni manowari ya mbao na matanga iliyoshuliwa (iliyoteremshwa majini) Boston mwaka 1797. Baada ya kukarabatiwa ilizungushwa pwani za Marekani ikivutwa na meli ndogo ya kuondoa mabomu ya majini, USS Grebe. Ilianza Julai 1931, ikapita Mfereji wa Panama Desemba 1932, ikafika San Diego Januari 1933, ikarudi Boston Mei 1934. Ilitia nanga bandari 90, na posta ya ndani iligonga bahasha zikiwa na jina la bandari kati ya mistari. Bahasha ni nyingi, bei yake ya chini, ratiba inajulikana, hivyo kila bahasha unaweza kuihakiki mwenyewe.

Halafu kuna nauli ya posta. Barua ya kawaida ndani ya Marekani ilikuwa senti 2 hadi Julai 5, 1932, na kuanzia Julai 6 ikawa senti 3. Mabadiliko hayo yanaangukia ndani ya kipindi cha safari hiyo. Bahasha ya Constitution ya vuli 1931 ikiwa na stempu ya senti 3 peke yake, jiulize kwa nini. Inawezekana mtumaji alizidisha, lakini angalia stempu yenyewe ilitolewa lini. Kinyume chake, bahasha ya 1933 yenye senti 1½ si kosa lazima: hiyo ilikuwa nauli ya daraja la tatu, na ulimi wa bahasha haukutakiwa kugundishwa. Geuza uangalie kama gundi ya ulimi bado nzima.

#2 Binti_Forodhani

Asante sana mkuu. Naomba ufafanuzi. Bahasha nyingi ninazoziona mtandaoni zina mchoro mkubwa upande wa kushoto, nanga, bendera, picha ya meli na maneno. Huo nao unahesabika kuwa muhuri wa meli? Na "Navy Day" iliyoandikwa kila mahali ni nini?

#3 Mkuku_na_Omo

Dada Forodhani, huo wa kushoto ni pambo la ukumbusho. Haukufuta stempu, hauna nguvu yoyote ya kiposta, na mtu yeyote angeweza kuuchapa nyumbani kwake. Pambo linaeleza kwa nini bahasha ilitengenezwa, na muhuri unaeleza iligongwa wapi na lini. Vikigongana, uamini muhuri. Utakuta pambo la "siku ya kwanza kazini" la meli A na muhuri wa meli B iliyokuwa jirani bandarini, kwa sababu meli A ilikuwa bado haina posta. Hapo unayo bahasha ya meli B yenye habari za meli A.

Hata hivyo mapambo ya miaka ya 1930 yana mashabiki wake. Walter Crosby wa California alibandika picha ndogo halisi ya meli katikati ya mchoro wenye wino ulioinuka, ukipitisha kidole unausikia. Picha hizo hubanduka ovyo kwenye joto, kwa hiyo kabla ya kununua uliza kama ipo na imeshika.

Navy Day ilikuwa Oktoba 27, siku ya kuzaliwa Theodore Roosevelt, ikaadhimishwa kuanzia 1922. Siku hiyo meli nyingi ziligonga mihuri ya pekee, ndiyo maana zimejaa.

Matukio ya maisha ya meli yana mfuatano wake: kulaza mkuku (uti wa chini wa meli, mwanzo wa kuijenga), kushua, kuingizwa rasmi jeshini, siku ya kwanza ya posta ndani, siku ya mwisho ya posta, kustaafishwa. Mkuku unapolazwa na meli inaposhuliwa bado hakuna posta ndani yake, kwa hiyo bahasha za matukio hayo mawili lazima ziwe na muhuri wa mji wenye kiwanda cha meli au wa meli nyingine. Akija mtu na "muhuri wa ndani ya meli" wa siku ya kushuliwa, mwache apite.

Siku ya kuingizwa jeshini na siku ya kwanza ya posta zinaweza kuwa moja au zikapishana kwa majuma. Nyingi huorodheshwa vibaya hapo.

#4 Kilindini_Arkaivu

Hamjambo wote. Niongeze upande wa Waingereza, kwa sababu sisi wa Mombasa ndio tunakutana nao zaidi, na kanuni yao ni kinyume na ya Mmarekani wa wakati wa amani.

Aprili 1942 Wajapani walipoishambulia Ceylon, kundi la manowari la Uingereza la Mashariki lilirudi nyuma na Kilindini ikawa makao yake. Kwa hiyo zipo barua nyingi za mabaharia zilizotoka pwani yetu. Shida ni kwamba barua iliyotoka melini haikuruhusiwa kuonyesha jina la meli wala mahali. Utaona muhuri wa POST OFFICE MARITIME MAIL au MARITIME MAIL, na alama ya mkaguzi wa barua. Muhuri huo ulitumika sehemu nyingi za dunia. Kwa muhuri peke yake huwezi kusema "hii ni ya Kilindini", na muuzaji anayesema hivyo bila ushahidi mwingine anakisia.

Ushahidi unatafutwa hivi. Kwanza, jina na cheo cha mtumaji. Ofisa akiandika jina lake nyuma au mkaguzi akisaini mbele, rejista za maofisa wa jeshi la majini zinaonyesha alikuwa meli gani mwaka huo. Pili, barua ya ndani kama ipo. Tatu, na hii wengi wanaipuuza, barua zilizokuwa zinakwenda melini. Zile zilitaja meli waziwazi: jina la baharia, H.M.S. (meli ya Mfalme wa Uingereza) fulani, c/o G.P.O. (posta kuu) London. Barua ya kutoka inaficha na ya kwenda inafichua. Ukipata mafungu mawili ya familia moja, usiyatenganishe hata kama muuzaji anauza moja moja.

Nne, stempu. Baharia aliyeshuka na kupeleka barua posta ya mjini alitumia stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika zenye kichwa cha Mfalme George wa Sita, na muhuri ukawa wa posta ya raia. Hiyo ni barua ya baharia. Bahasha ya manowari ni kitu kingine.

Tahadhari: H.M.S. TANA haikuwa meli. Ilikuwa kambi ya nchi kavu ya jeshi la majini hapo Kilindini. Waingereza huzipa kambi zao majina kama meli. Bahasha zake ni nzuri kwa historia ya Mombasa, ila usizilipie kama za manowari iliyokuwa baharini.

#5 Rufiji_Delta

Kwa vile mmefika pwani, nami niweke Wajerumani. Hapa kuna vitu adimu na udanganyifu mwingi.

Tangu 1895 manowari za Kijerumani zilikuwa na muhuri wa posta ya meli unaosomeka KAIS. DEUTSCHE MARINE-SCHIFFSPOST, kisha No. na namba. Hakuna jina la meli. Namba ndiyo iliyowakilisha meli, na meli ikirudi nyumbani namba hiyo ilihamia meli nyingine. Kwa hiyo namba bila tarehe haikwambii kitu. Unahitaji jedwali linaloonyesha namba, meli, na kipindi kuanzia lini hadi lini. Anayeuza kwa kusema "namba hii ni ya meli fulani" bila kutaja miaka, mwombe tarehe ionekane wazi kwenye picha.

Jambo la pili ni stempu. Posta ya ndani ya manowari ilihesabiwa posta ya Ujerumani yenyewe, si ya koloni. Kwa hiyo kadi iliyogongwa melini mbele ya Dar es Salaam ina stempu za Ujerumani za fenigi, na baharia alilipa nauli ya nyumbani: fenigi 5 kwa kadi na 10 kwa barua. Stempu za koloni, zile zenye picha ya yoti ya Kaisari, zilikuwa kwa pesa (sarafu ndogo ya rupia ya koloni) na kuanzia 1905 kwa heller. Ukiona stempu za heller na muhuri wa posta ya meli, simama kwanza. Mchanganyiko unaweza kutokea kwa hisani ya karani, lakini ndio mchanganyiko ambao mtengenezaji wa bandia hupenda kwa kuwa unavutia macho.

Swali linaloulizwa kila mara ni la manowari ya Kijerumani SMS Königsberg. Meli hii ilifika Dar es Salaam mwanzoni mwa Juni 1914, ikatoka Julai 31. Hizo ni wiki nane tu za posta ya amani katika maji yetu. Septemba 20 iliizamisha HMS Pegasus bandarini Zanzibar, ikaingia tena delta ya Rufiji, na Julai 11, 1915 ikamalizwa humo baada ya kupigwa na manowari za Kiingereza Severn na Mersey. Bahasha "iliyogongwa Königsberg Dar es Salaam" ya Mei 1914 haiwezekani kabisa, kwani meli ilikuwa bado safarini kutoka Ulaya. Ya Agosti au Septemba 1914 yenye muhuri wa amani na safari ya kawaida kwenda Ujerumani nayo inataka maelezo mazito: njia za posta zilikuwa zimefungwa na Waingereza. Angalia muhuri wa kupokelewa. Usipokuwepo, usilipe bei ya Königsberg.

#6 Mkuku_na_Omo

Post #5 ihifadhiwe. Hiyo ya stempu za fenigi na za heller ni kipimo ambacho mtu anaweza kukifanya kwa macho tu.

Wapo walioniuliza kwa ujumbe wa ndani jinsi ya kuomba muhuri kutoka manowari zilizopo kazini sasa. Naweka hatua kwa manowari za Marekani, kwani bado zipo zenye posta ndani, hasa kubwa.

Bahasha. Tumia saizi ya wakusanyaji wa huko, milimita 165 kwa 92. Saizi kubwa hukunjwa. Karatasi nyeupe isiyong'aa, maana wino wa muhuri haukauki juu ya karatasi ya kung'aa, unaburuzika bahasha ya pili ikiwekwa juu. Ndani weka kadi ya gramu 160 hadi 200, uikate iwe ndogo kuliko bahasha kwa milimita 3 hivi kila upande. Kadi inampa karani sehemu tambarare ya kugongea, na inazuia kona kuvunjika. Usiweke boksi gumu: bahasha isiyopinda inatozwa nyongeza Marekani, na stempu yako moja haitatosha.

Stempu. Lazima ziwe za Marekani. Posta ya meli haiwezi kufuta stempu ya Tanzania au Kenya. Kama bahasha inarudi Afrika Mashariki, tumia ile iliyoandikwa GLOBAL FOREVER, ya duara, iliyoanza kutolewa 2013. Inalipia barua hadi aunsi moja, yaani gramu 28, kwenda nchi yoyote. Bahasha moja yenye kadi haifiki hapo. Bandika juu kulia, milimita 6 hadi 8 kutoka kingo zote mbili, na uache angalau sentimita 8 tupu kushoto kwake ili duara la tarehe lipate mahali pasafi. Kuponi za kimataifa za kujibu usitume, karani wa melini hana pa kuzibadilisha.

Anwani ya kurudi iandike chini kulia, herufi kubwa, na P.O. BOX kwa Kiingereza badala ya S.L.P., kwa sababu wanaochambua barua huko ndio wa kwanza kuisoma. Jina la nchi liwe mstari wa mwisho peke yake.

Bahasha ya nje. Bahasha zako mbili ziweke ndani ya kubwa zaidi pamoja na barua fupi. Iandikwe hivi (FPO ni posta ya meli za jeshi la majini la Marekani):

POSTAL OFFICER
USS (jina) (namba ya meli)
FPO AP (au AE, AA), na msimbo wa posta (ZIP) wa meli
USA

Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanajua meli ina makao Japani, wanaandika jina la mji na JAPAN. Barua inaingia posta ya Japani na kupotea. Anwani ya FPO haina mji wala nchi ya kigeni, ni USA tu. AP ni Pasifiki, AE ni Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika, AA ni Amerika. Herufi hizi zilianza 1991. Kabla yake ziliandikwa FPO New York, FPO San Francisco na kadhalika, kwa hiyo ni kipimo kizuri cha umri wa bahasha za zamani.

Barua iwe ya ukurasa mmoja: salamu, kwamba wewe ni mkusanyaji, kwamba unaomba bahasha mbili zifutwe kwa muhuri wa mkono wenye jina la meli na, kama upo, muhuri wa ukumbusho upande wa kushoto, kisha shukrani. Usiulize meli iko wapi wala inaelekea wapi. Swali hilo peke yake linatosha barua kuwekwa kando. Na usizidishe bahasha mbili, karani ana kazi ya mabaharia mamia kadhaa.

Kinachoweza kwenda kombo: bahasha inarudi na mistari ya mashine ya mji wa nchi kavu kwa sababu karani aliitupia kwenye mfuko bila kuigonga, inarudi imefutwa kwa kalamu, au hairudi. Meli ikiwa matengenezoni posta yake hufungwa. Nyambizi nyingi za leo hazina posta, utapata pambo lao tu pamoja na muhuri wa nchi kavu. Subiri miezi, usitume barua ya kukumbushia kabla ya miezi sita.

Kwa sherehe za kuingizwa meli jeshini kuna njia rahisi zaidi: posta ya mji wa sherehe mara nyingi hutoa muhuri wa picha, na kwa kawaida maombi kwa barua hupokelewa hadi siku 30 baada ya tukio. Huo si muhuri wa ndani ya meli. Uandike hivyo kwenye albamu yako.

#7 Shabab_Muscat

Assalaam alaykum. Mkuu Mkuku, nakubaliana na hatua zote ila moja naipinga. Umeandika kana kwamba bahasha ikirudi peke yake, imebeba anwani na kupita posta, ndiyo bora. Wakusanyaji wengi wa huku Ghuba huomba irudishwe ndani ya bahasha nyingine ya kulipia kabla. Inafika safi, haina alama za mashine wala mkunjo. Tena barua za kwenda sanduku la posta hupita mikono mingi, na ikilowa mara moja hasara ni yako. Muhuri ni uleule, uligongwa melini uleule. Ubaya uko wapi?

#8 Mkuku_na_Omo

Wa alaykum salaam ndugu. Muhuri ni uleule, hilo kweli. Tofauti iko kwenye ushahidi. Bahasha iliyosafiri yenyewe ina nauli iliyotimia, anwani, na pengine muhuri wa kupokelewa. Tarehe ya melini ikisema Machi 3 na ya kupokelewa ikisema Machi 20, hakuna mtu anayeweza kudai tarehe ilirudishwa nyuma. Bahasha iliyokabidhiwa mkononi haina shahidi huyo. Vifaa vya kugongea wakati mwingine vilibaki mikononi mwa watu baada ya meli kustaafishwa, na vikaendelea kugonga tarehe za zamani. Muhuri unakuwa wa kweli na tarehe ya uongo, na hiyo ndiyo bandia ngumu kuliko zote.

Ila nakupa haki kwa hali ya hewa na usalama. Kama unaomba mbili, moja irudi wazi na moja irudi ndani ya bahasha. Kila moja iandike nyuma kwa penseli laini, 2B, ilirudije.

#9 Shabab_Muscat

Hiyo ya moja kila namna nimeikubali.

#10 Lenzi_Mara_Kumi

Kwa sababu neno bandia limetajwa, niweke vipimo ninavyopendekeza vifuatwe kwa mpangilio, kuanzia visivyo na gharama.

Kwanza, tarehe dhidi ya stempu. Senti 3 ya zambarau yenye Jefferson ilitoka Juni 1938. Ikiwa kwenye bahasha ya 1936, kazi imekwisha. Ile ya tai, "Win the War", ilitoka Julai 4, 1942. Misimbo ya posta (ZIP) ya tarakimu tano Marekani ilianza Julai 1963, hivyo anwani yenye msimbo huo kwenye bahasha ya 1941 iliandikwa baadaye sana. Na kuanzia Aprili 1942 askari na mabaharia wa Marekani waliandika neno Free pembeni bila stempu. Mwaka 1940 ukiona Free ya baharia, shituka.

Pili, tarehe dhidi ya mahali meli ilipokuwa. Idara ya historia ya jeshi la majini la Marekani imeweka wasifu wa meli nyingi mtandaoni bure. Maneno kati ya mistari yakisema bandari fulani, wasifu uwe haupingi.

Tatu, wino chini ya lenzi ya kukuza mara 10. Muhuri wa mpira husukuma wino ukingoni, kila herufi ina ukingo mweusi zaidi kuliko katikati yake. Muhuri wa chuma huacha mistari yenye kingo kali na mara nyingi mbonyeo unaoonekana kwa mwanga wa pembeni. Printa ya wino mara nyingi huacha vitone vya rangi tatu hata pale panapoonekana peusi. Printa ya leza huacha unga unaong'aa juu ya nyuzi za karatasi bila kuzama.

Nne, taa ya miale ya urujuanimno (UV). Karatasi yenye dawa ya kung'arisha, ambayo ilienea baada ya Vita Kuu ya Pili, hung'aa buluu-nyeupe kali. Bahasha ya 1935 iking'aa hivyo, karatasi si ya 1935. Lakini isipong'aa si uthibitisho, kwa kuwa bahasha tupu za zamani bado zinauzwa.

Tano, kipenyo cha duara kwa milimita, ukilinganisha na muhuri uliokwisha kuhakikiwa wa meli hiyohiyo. Skani zote mbili kwa 600 dpi (vitone kwa inchi), zilinganishe moja juu ya nyingine. Mpira hunywea na kuchakaa kadiri miaka inavyopita, kwa hiyo linganisha na tarehe za karibu. Makumbusho ya mtandaoni ya Naval Cover Museum, yanayoendeshwa na watu wa Universal Ship Cancellation Society, chama kilichoanzishwa 1932, yana picha nyingi za kulinganishia.

USS Arizona ndiyo meli inayoghushiwa kupita kiasi. Muhuri wake wa miaka ya 1930 unapatikana bila shida. Unaotafutwa ni wa siku za mwisho kabla ya Jumapili ya Desemba 7, 1941, Wajapani walipoizamisha Pearl Harbor. Bahasha ya juma hilo usiinunue bila cheti cha mtaalamu, na cheti kiwe na picha ya bahasha hiyohiyo. Cheti chenye maandishi peke yake hakitoshi.

#11 Binti_Forodhani

Mkuu Lenzi, asante kwa darasa. Swali la kutunza. Zanzibar unyevu hauishi, na bahasha zangu mbili zimeanza madoadoa ya kahawia. Je, yanafutika? Na mifuko ya plastiki ya kawaida ya dukani inafaa?

#12 Kilindini_Arkaivu

Dada, madoadoa hayo ni ukungu pamoja na chembe za chuma ndani ya karatasi. Usiyafute kwa dawa ya kung'arisha nguo, utayaondoa pamoja na wino wa muhuri. Kazi yako ni kuyazuia yasiendelee.

Mifuko ya dukani iliyo laini na yenye harufu ni ya PVC. Plastiki hiyo hutoa mafuta yanayolainisha wino na kuugandisha kwenye mfuko. Tumia polyester ile ngumu inayolia ukiikunja, uwazi wake ubaki upande mmoja. Usiifunge kabisa, maana unyevu uliokwisha ingia utabaki ndani ukifanya kazi yake.

Zisimamishe wima kwenye boksi la kadi isiyo na asidi. Zikilala na kubanwa hugandana, hasa msimu wa masika. Boksi likae rafu ya katikati, si ukuta wa nje wala sakafuni. Ndani weka chembe za silika zile zinazobadilika rangi, gramu 50 kwa boksi la bahasha mia moja, na uzikaushe kwenye oveni zikibadilika. Kipimo cha unyevu cha bei nafuu kiwepo: lenga asilimia 45 hadi 55. Chini ya 40 gundi ya zamani hupasuka na picha zilizobandikwa huinuka, kwa hiyo kukausha kupita kiasi nako ni hasara.

Kombamwiko na mende-fedha hula gundi ya ulimi na ya stempu. Usipulizie dawa ndani ya boksi. Safisha chumba, na kila miezi mitatu fungua boksi, pitisha bahasha moja moja mkononi. Zilizo na madoa zitenge boksi lake.

Pini, klipu na selotepu vyote haramu. Kutu ya klipu hupenya bahasha tatu zilizo nyuma yake.

#13 Mgeni_wa_Stempu

Wakuu, mimi mgeni. Nimeachiwa boksi la bahasha za Marekani zenye mihuri ya meli. Kwa desturi ya stempu nilikuwa najiandaa kuzikata na kuloweka stempu kwenye maji. Niendelee?

#14 Mkuku_na_Omo

Usikate hata moja. Stempu ya senti 3 iliyolowekwa haina soko. Bahasha nzima yenye U.S.S. ina habari ya meli, tarehe, nauli, mtumaji na mpokeaji.

Fanya hivi. Kabla ya kuzitenganisha zipige picha kwa mpangilio uliozikuta, maana mpangilio huo unaweza kuonyesha ni za mtu mmoja. Kisha zichambue kwa jina la meli, ndani ya meli kwa tarehe. Zenye U.S. NAVY bila jina ziweke peke yake, usizitupe: anwani ya mtumaji kona ya juu kushoto mara nyingi inataja meli. Zenye namba na herufi BR. nazo ziweke kando, hizo ni ofisi za posta za jeshi la majini zilizofichwa kwa namba wakati wa vita, na orodha za kuzitambua zipo. Barua za ndani zirudishe kwenye bahasha zake zilezile.

Kama tayari kuna zilizokatwa na aliyekuwa nazo, bado zinafaa kwa kulinganisha mihuri endapo duara na mistari yote vimebaki. Kipande cha kawaida cha wakusanyaji ni inchi 2 kwa 4, yaani karibu sentimita 5 kwa 10. Vilivyokatwa duara likagawanyika havina kazi.

Weka picha hapa, mbele na nyuma, skani ya 300 dpi inatosha kwa kuanzia. Anwani za watu binafsi zifunike, ila muhuri, stempu na kona ya mtumaji yenye jina la meli viachwe wazi.